Mvua Niliyoigawa kwa Haki

Jumatatu, tarehe kumi na nane Novemba. Tangu alfajiri mawingu yamelala juu ya kilima cha Sagalla na hayajainuka. Saa moja kulikuwa na manyunyu ya kulowesha vumbi tu, hata mabati hayakulia. Upepo ni mdogo, unatoka mashariki.

Mtanisamehe kuanza hivyo. Nilisoma mvua kwenye stesheni ndogo ya hali ya hewa hapa Voi mpaka nikastaafu, na mkono wangu haujui kuanza ukurasa kwa namna nyingine. Nyinyi vijana mnaojifunza kazi hii mliniomba, kupitia kwa mwalimu wenu, niwaandikie mambo machache niliyojifunza. Niliahirisha mara mbili. Nilisema mimi ni mtu wa darasa la saba, Kiswahili changu kimechanganyika na Kidawida, nitawachekesha bure. Hayo ni kweli lakini hayakuwa sababu. Mlitaka maneno ya mtu aliyeifanya kazi hii vizuri, na sina hakika kama mtu huyo ni mimi.

Leo saa nane mchana anakuja hapa nyumbani msichana anayeitwa Wakesho. Anasoma chuo kikuu, na kazi yake ya kumaliza masomo ni juu ya vimbunga, zile dhoruba kubwa zinazozunguka baharini upande wa Madagaska na Msumbiji. Anataka kujua kama vimbunga vinabadilika kadiri dunia inavyozidi kupata joto, na kama vinabadilika, mvua kubwa za hapa kwetu Taita Taveta zinabadilika pamoja navyo au la. Kwa miaka ya nyuma anategemea vitabu vya stesheni yetu. Vitabu hivyo niliviandika mimi, na sehemu ya nilichoandika si kweli.

Yeye hajui. Wiki ijayo anakabidhi kazi yake kwa wasimamizi wake. Nisipomwambia leo atasimama mbele ya wasomi akitetea uongo wangu kwa jina lake. Naandika asubuhi hii nikijaribu kujipa moyo kabla hajabisha hodi.

Wacha nianze na mtu aliyenifundisha, ili lawama isimfikie.

Mzee Mwakio ndiye aliyenipokea stesheni. Alikuwa mtu mfupi, mwenye kofia ya sufu hata jua la Februari linapochoma. Siku ya kwanza alinipeleka kwenye kipima mvua, akatoa chupa iliyo ndani, akamimina maji kwenye mtungi wa kioo wenye mistari, akanipa nisome. Nilisoma nikiwa nimesimama.

"Piga magoti," akasema.

Nilidhani anatania. Nikapiga magoti kwenye matope na suruali mpya. Akaniinamisha kichwa mpaka jicho likawa sawa na maji. Hapo ndipo nikaona kwamba maji kwenye kioo hayakai bapa, yanapanda kidogo pembeni na kubonyea katikati. Hausomwi ule ukingo uliopanda, husomwa pale palipobonyea. Ukisoma umesimama unaidhulumu mvua au unaizidishia, kutegemea urefu wako. Mzee Mwakio alisema msomaji aliyekuwapo kabla yake alikuwa mrefu sana, na miaka yake ndiyo miaka ambayo Voi iliandikwa kavu kuliko ilivyokuwa. Sijui kama ni kweli au alimchukia tu.

Wiki ileile nilifanya kosa langu la kwanza. Nilisoma, nikamwaga maji, kisha kondoo wa jirani wakaingia kwenye uzio nikawakimbiza. Niliporudi kwenye kitabu nilikuwa nimesahau.

"Ilikuwa ngapi?" Mzee akauliza.

"Nane. Ama tisa."

"Nane au tisa?"

"Nafikiri nane."

"Hukuajiriwa kufikiri. Chora mstari."

"Si heri niandike sifuri, mzee?"

Aliniangalia kana kwamba nimemtukania mama. "Sifuri ni kusema uliangalia, ukakuta kukavu. Mstari ni kusema hujui. Hizo ni habari mbili. Mtu wa mbali atakayesoma kitabu hiki hakujui wewe wala kondoo wako. Usimfanye ajenge nyumba juu ya kitu ambacho hukukiona."

Vijana, nikiacha hapo mtakuwa mmepata karibu kila kitu ninachojua. Piga magoti, andika kabla ya kumwaga, na usipojua chora mstari.

Mzee Mwakio mwenyewe hakuogopa mistari. Kuna mwaka ndovu waliingia kutoka mbugani, wakavunja uzio, mmoja akakanyaga kipima mvua kikawa bapa kama sahani. Mzee akachora mistari siku zote mpaka kikaletwa kipya, na pembeni akaandika neno moja tu: ndovu. Baada ya miezi barua ikaja kutoka ofisi kubwa, mtu anauliza kwa heshima ndovu ni kipimo gani na ni sawa na milimita ngapi. Mzee aliibandika ile barua ukutani. Kila akipita anaisoma tena na kucheka peke yake.

Alipostaafu nikabaki mimi. Kwa utaratibu tulipaswa kuwa wasomaji wawili, mmoja apumzike wikendi na mwingine awepo. Wa pili hakuletwa. Mke wangu na watoto walikuwa juu Mgange, kwenye shamba, na mimi nililala kwenye chumba cha stesheni. Kipima mvua husomwa saa tatu asubuhi kila siku ya Mungu, sikukuu na Jumapili. Kwa muda nilivumilia. Kisha binti yangu mkubwa, Saru, akiwa mdogo bado, nilipanda Mgange siku moja nikamkuta njiani akanisalimia kama anavyosalimia mtu wa kanisani, kwa mikono miwili na kuinama, akapita.

Ijumaa iliyofuata nilisoma mvua saa tatu, nikafanya kazi zangu za ofisini, alasiri nikapanda mlima. Nikarudi Jumatatu kabla ya saa tatu.

Hapo bado sikuwa nimedanganya. Nilichora mistari miwili, ya Jumamosi na ya Jumapili. Kwenye Jumatatu niliandika maji yote niliyoyakuta na kueleza pembeni kwamba ni ya siku tatu. Ndivyo inavyotakiwa. Baada ya majuma kadhaa kitabu kikarudishwa. Afisa mpya aliyekuwa juu yangu alikuwa mtu wa bara, mchapakazi, hakupenda mapengo.

"Mwadime," akaniambia, "kitabu chako kina meno yaliyong'oka. Sitaki kuona hivi tena."

Nataka niwe mwadilifu hapa. Hakuniambia nidanganye. Aliniambia niwe kazini, na alikuwa na haki. Ningeweza kumwambia sina mwenzangu, wanangu hawanijui. Sikumwambia. Nilisema ndiyo bwana, na Ijumaa nikapanda mlima tena.

Jumatatu ile nilikuta milimita kumi na nane kwenye chupa. Nikaandika sita, sita, sita.

Mtacheka, lakini nilijiona mtu wa haki. Sikuongeza hata tone, sikupunguza. Nilikuwa najiambia wezi ni wale wanaobuni maji ambayo hayakunyesha, mimi nagawa yaliyonyesha. Baadaye nikaona sita mara tatu inafanana mno, nikaanza kugawa kwa ufundi. Nilikuwa natazama mawingu nikiwa Mgange, nikiona yameelekea Voi Jumamosi, basi Jumamosi naipa kidogo zaidi. Siku moja moja naipa sifuri ili mambo yaonekane ya kawaida. Sifuri ile ya Mzee Mwakio, ya mtu aliyeangalia akakuta kukavu. Niliiandika nikiwa sijaangalia.

Nilifanya hivyo mpaka nilipostaafu. Kitabu changu hakikuwa na pengo hata moja. Mwaka mmoja iliandikwa barua ya kunisifu, ikasomwa mbele ya wafanyakazi wote, nikapigiwa makofi. Nilisimama pale nikitazama viatu vyangu.

Kuna jambo moja zito zaidi, nami nitaliandika hata kama mwalimu wenu ataona halifai.

Jumamosi moja ya mwezi wa Aprili, nikiwa Mgange, mvua iliwapiga watu wa Voi kuanzia mchana. Mto ukatoka nje ya kingo zake. Nyumba chache za udongo zilizokuwa karibu na mto zilianguka, na moja ilikuwa ya mama mjane aliyeuza maharagwe, jina lake Mama Zighe. Shukuru Mungu hakufa mtu. Niliporudi Jumatatu nikakuta chupa imejaa, maji yamefurika mpaka kwenye kopo la nje. Watu wote mjini walijua mvua ile ilinyesha alasiri moja. Nami nikaigawa kwa siku tatu, kwa sababu mkono ulikuwa umezoea.

Baada ya siku kadhaa ikaundwa kamati ya kuamua nani asaidiwe mabati. Wakaniita na kitabu. Mwenyekiti akaniuliza, "Stesheni inasemaje, mvua ya Jumamosi ilikuwa ya ajabu?" Nikafungua, nikasoma nilichoandika. Ilikuwa mvua ya wastani, Jumamosi, Jumapili na Jumatatu.

"Basi mvua ya namna hii tunaipata kila mwaka," mwenyekiti akasema. "Nyumba zilijengwa vibaya."

Mama Zighe alikuwa amekaa kwenye benchi la nyuma. Akasema, "Bwana mwenye kitabu, ulikuwa wapi wewe siku ile? Ndoo yangu nje ilijaa kabla sijamaliza kutoa godoro."

Watu wakacheka kidogo, si kwa ubaya. Nilisema kitabu ndivyo kinavyosema. Hakupewa mabati. Alihamia kwa dada yake huko Mata, na sijamwona tena. Yeye na ndoo yake ndio waliosoma mvua ile sawasawa.

Sasa nimfikie Wakesho, kwa maana saa zinakwenda.

Alikuja mara ya kwanza mwezi wa nane. Alikaa kwenye kiti cha plastiki hapo uani, kompyuta magotini, akanieleza vimbunga kwa subira kama mtu anayemfundisha babu yake simu mpya. Nitarudia nilivyoelewa, na nikikosea kosa ni langu.

Kimbunga chenyewe hakifiki kwetu. Tuko karibu mno na ikweta, na huku dhoruba haipati nguvu ya kuzunguka. Lakini kikiwa mbali kule kusini kinavuta pepo za eneo zima. Kikikaa mashariki ya Madagaska, mara nyingine upepo wetu hugeuka ukatoka upande wa Kongo na kuleta mvua. Kikiingia kwenye mlango wa bahari wa Msumbiji, mara nyingi huondoka na unyevu wetu, tukabaki na jua.

"Si kila mara, mzee," alisema. "Ndiyo maana nahitaji siku kwa siku. Jumla ya mwezi hainisaidii. Nataka kujua kimbunga kilikuwa wapi Jumanne, na Voi ilipata nini Jumanne."

Siku kwa siku ndicho nilichokuwa nimekigawa.

Nilimuuliza kama ni kweli vimbunga vimeongezeka, kama tunavyosikia redioni. Akasema jambo hilo si rahisi. Idadi yake duniani haionyeshi kuongezeka waziwazi. Kinachoonekana ni kwamba vile vikali vinazidi kuchukua sehemu kubwa, na vinamwaga mvua zaidi, kwa sababu bahari imepata joto na hewa yenye joto hubeba maji mengi. Shida ni vitabu vya zamani. Kabla ya setilaiti, kimbunga kilichozaliwa katikati ya bahari na kufa hukohuko bila meli kukipitia hakikuandikwa na mtu.

"Ukihesabu tu, unaona zamani vilikuwa vichache," akasema. "Kumbe macho ndiyo yalikuwa machache."

"Sasa mnafanyaje?"

"Tunakubali hatujui. Tunaanza kuhesabu pale macho yalipoanza, ama tunasema wazi kwamba hapa hatuna hakika."

Mzee Mwakio angempenda msichana huyu. Nilitambua pia, nikiwa nimekaa pale, kwamba manahodha wa meli zile za zamani walikuwa watu wema kuliko mimi. Ambacho hawakukiona walikiacha wazi, na mtu wa leo anaweza kuona uwazi ule na kujihadhari. Mimi niliuziba wangu na kuupaka rangi.

Kisha Wakesho akacheka, akanigeuzia kompyuta. "Lakini mzee, mvua ya enzi zenu ilikuwa imeokoka? Wikendi hainyeshi kwa nguvu. Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, ni mvua za adabu tu."

Vijana, mlango ulikuwa wazi hapo. Nilihitaji kusema sentensi moja. Nami nikacheka, nikasema, "Zamani hata mvua ilienda kanisani." Akacheka zaidi. Nikamwita mke wangu alete chai.

Jioni ile niliandika kwenye daftari langu la nyumbani neno moja: nimecheka. Mimi huandika daftari tangu ujana, kila siku mistari michache, si ya kumwonyesha mtu. Nimelitazama neno lile mara nyingi tangu mwezi wa nane.

Nasikia geti. Ni saa nane na dakika kumi.

Sasa ni jioni. Jua likatoka baada ya saa tano, likawaka sana, halafu mawingu yakarudi upande wa Mbololo. Hakuna kilichoanguka. Wakesho ameondoka.

Alifika na mkate na majani ya chai ya kumpa mke wangu, Mama Saru, akiwa mchangamfu kama mtu aliyekaribia mwisho wa mlima. Alinionyesha mchoro wake. Miaka yangu ilikuwa chini, mstari umelala. Kisha inakuja mashine inayojisomea yenyewe, iliyowekwa nilipostaafu, na mstari unainuka.

"Ona hapa, mzee. Siku za mvua kubwa zinapanda. Na nyingi zinaangukia siku ambazo kimbunga kiko kule nilikokuambia. Kwenye miaka yako uhusiano huo ni hafifu, sijui kwa nini. Nafikiri ni mabadiliko ya hali ya hewa yenyewe."

Nilikuwa nimepanga maneno mazuri tangu asubuhi. Nikayasahau yote. Nikasema, "Mashine haiendi Mgange."

"Haiendi wapi?"

"Mgange, nyumbani. Mimi nilikuwa naenda Ijumaa, narudi Jumatatu."

Alikuwa bado anatabasamu, akingoja mwisho wa hadithi. "Na Jumamosi nani alikuwa anasoma?"

"Hakuna."

"Jumapili?"

"Hakuna mtu, mwanangu."

"Lakini zimeandikwa."

"Niliziandika Jumatatu. Nilikuwa nagawa."

Aliifunika kompyuta. Akaifunua tena. Alitazama Jumamosi zangu kwa muda mrefu, na niliona anavyozihesabu kimoyomoyo.

"Jumla ni sahihi?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Jumla ni sahihi. Kila tone liko, isipokuwa lililokauka chupani, na hilo ni kidogo. Ila halikunyesha siku niliyosema."

"Aki, mzee." Alitazama ukuta. "Ungeniambia mwezi wa nane."

"Ndiyo."

"Nilikuuliza."

"Uliniuliza ukicheka, nami nikajificha humo kwenye kicheko."

Hakusema kwamba si neno. Namshukuru kwa hilo. Watu wengine wangesema si neno, nami ningebaki na aibu ile bila mahali pa kuiweka. Nilimwambia pia habari ya Mama Zighe, ingawa hakuniuliza. Alisikiliza, akaandika tarehe, akaniuliza jina la mto na saa ambayo mvua ilianza. Nikamwambia saa siijui, maana sikuwapo.

Kisha nikaingia chumbani nikatoa katoni ya daftari zangu za nyumbani. Humo, kila Jumatatu niliyogawa, nimeandika: nimegawa, na jumla ya kweli niliyoikuta chupani. Wikendi nilizobaki Voi, kwa sababu ya ugonjwa au barabara kukatika, nimeandika: nimebaki. Sijui kwa nini nilikuwa naandika. Labda nilitaka angalau karatasi moja ijue. Humo pia mna ugomvi wangu na mke wangu, maombi yangu, mambo ya mwili wangu, na maneno mabaya niliyoandika juu ya yule afisa.

"Nizisome zote?" Wakesho akauliza. "Hizi ni zako za siri."

"Zisome."

Alikaa akibofya kompyuta. Aliondoa Jumamosi, Jumapili na Jumatatu zote za miaka yangu, na kwa haki akaziondoa kwenye miaka ya mashine vilevile. Mstari ukashuka. Nilimuuliza umelala kabisa au la.

"Haujalala. Lakini haupandi kama mwanzo."

"Kwa hivyo mvua kubwa hazijaongezeka?"

"Sijui, mzee. Hiyo ndiyo shida, sijui. Labda zimeongezeka kweli. Labda kidogo kuliko nilivyoandika. Hizi daftari zikikubaliana na vitabu, nitaweza kuzirudisha baadhi ya siku kama jumla ya siku tatu. Kazi ni ya miezi. Itabidi niombe muda, na sijui kama watanipa."

Nilimwambia ninaogopa kuna mtu atakayechukua kosa langu na kusema mnaona, habari za joto la dunia ni hadithi. Akasema huyo atasema hata bila mimi, na kwamba bahari haikupimwa kwa chupa ya Voi peke yake. Nadhani alisema hivyo kwa huruma. Nadhani pia ni kweli. Lakini hapa Voi, kwa miaka ile, chupa ilikuwa hii moja, na mwenye kuisoma alikuwa mimi.

Wakati wa kuondoka akasimama na katoni mikononi. "Lazima nieleze kwenye kazi yangu kwa nini nimezitoa siku hizo. Naweza kuandika msomaji mmoja wa zamani. Si lazima jina."

Wanangu wana majina yangu. Kuna watu kanisani.

"Andika Mwadime," nikasema. "Vinginevyo watamdhania Mzee Mwakio."

Mama Saru alikuwa jikoni na amesikia yote. Wakesho alipotoka, alikuja kukaa kwenye kiti alichokiacha, na sufuria ya muhogo aliokuwa anaumenya.

"Kwa hivyo ni sisi," akasema.

"Nyinyi mmefanya nini?"

"Hizo Jumamosi. Ulikuwa ukipalilia mahindi yangu huku kitabu kinadanganya."

"Ni mimi. Hukujua."

"Nilijua husomi. Nilidhani kuna mtu." Alimenya kidogo. "Ungebaki huku chini, Saru angekujua kama mgeni."

"Pengine."

"Ungerudia?"

Nilitaka kumjibu hapana, kwa sababu ndilo jibu la mtu aliyetubu. Halikutoka. Ninaona haya kwa ajili ya kitabu, kwa ajili ya msichana yule, na kwa ajili ya mama aliyekaa kwenye benchi la nyuma. Na bado nikiambiwa nizirudishe zile Jumamosi za Mgange siwezi. Nimekaa hapa na daftari jipya nikilifikiria jambo hili, na naona nililichanganya miaka yote. Nilidhani dhambi ilikuwa kupanda mlima. Ningeweza kupanda na bado kuandika ukweli, mistari miwili tu kila wiki na maelezo pembeni. Huenda wangenifukuza. Huenda wangeniletea mwenzangu wa wikendi. Sitajua, kwa sababu sikuwapa nafasi ya kuamua. Niliamua mimi, kwa siri, kwa niaba ya wote, pamoja na Wakesho ambaye alikuwa hajazaliwa nilipoanza.

Mtakapokaa na mashine zenu msidhani hili limepita. Mashine nayo huziba, buibui hujenga humo, betri hufa, na siku ya kujaza fomu mtaona mraba mtupu unawaangalia. Utakuwa rahisi kuujaza. Mtajua hata namba inayofanana na ukweli, kama nilivyojua mimi.

Wakesho hakukaa kula, alisema anataka kuwahi kurudi akaanze kusoma. Mama Saru alikuwa ameandaa muhogo wa watu watatu, akaupika wote. Tumekula kimanga, muhogo uliopondwa pamoja na maharagwe, na mchicha kidogo, sisi wawili. Kilichobaki amekifunika kwa sahani.